Ubao wa Tiara: Jina Tunalo, Kiwanda Hatuna

Kaskazi inapoanza kuvuma mwezi wa Desemba, ufuo wa Diani hubadilika sura. Tiara kubwa za rangi mbalimbali hupaa juu ya bahari, na chini ya kila moja yupo mtu aliyejifunga kamba kiunoni, amesimama juu ya ubao unaokata mawimbi. Msimu huo huendelea hadi Machi. Baada ya masika, kusi huleta msimu wa pili, kuanzia Juni hadi Septemba. Wenye kuuza na kukodisha vifaa vya mchezo huu huhesabu mwaka wao kwa pepo zile zile ambazo manahodha wa majahazi walizihesabu kwa karne nyingi.

Si muda mrefu uliopita nilialikwa kuzungumza na wanafunzi wa shule moja ya upili huko Samburu, kwenye nyanda kavu za Kwale, kando ya barabara kuu ya Mombasa na Nairobi. Nilikuwa nikieleza jinsi lugha inavyojiundia msamiati. Mvulana mmoja akanyosha mkono: "Mwalimu, nilipomtembelea mjomba Diani niliuona mchezo ule. Ule ubao kwa Kiswahili unaitwaje?" Nikamjibu kuwa twaweza kuuita ubao wa tiara, kwa kuwa tiara, au kishada, ndicho chombo kinachorushwa hewani na watoto wetu tangu zamani. Akatafakari kidogo, kisha akauliza: "Na hutengenezwa wapi?"

Swali la kwanza lilikuwa la mwanaisimu. La pili linatuhusu sote.

Ubao huo ni mdogo wa ule wa kutelezea kwenye theluji. Mwaka 1965, huko Michigan, Marekani, Sherman Poppen alifunga skii mbili pamoja ili binti zake wateleze mlimani wakiwa wamesimama. Chombo hicho kikaitwa Snurfer, jina lililoundwa kwa kuunganisha neno la Kiingereza la theluji na lile la kuteleza juu ya mawimbi. Mwaka 1977 Jake Burton Carpenter akaanza kuunda mbao zake katika jimbo la Vermont, na mwaka 1998 mchezo huo ukaingia katika Olimpiki ya Nagano. Tiara nayo ina historia yake. Ndugu wawili Wafaransa, Bruno na Dominique Legaignoux, walisajili mwaka 1984 hataza ya tiara yenye mirija ya kujazwa hewa, ili ikianguka majini ielee na iweze kurushwa tena. Miaka arubaini baadaye, katika Olimpiki ya Paris ya 2024, mashindano ya tiara yalifanyika baharini huko Marseille.

Utengenezaji wenyewe si muujiza. Kiini cha ubao aghalabu ni vipande vyembamba vya mti mwepesi vilivyogundishwa pamoja. Juu na chini yake hutandazwa kitambaa cha nyuzi za kioo, kikaloweshwa gundi ya epoksi, kisha vyote hukandamizwa kwa joto ndani ya kalibu mpaka vishikamane na kupata mpindo unaotakiwa. Ubao wa theluji huongezewa ukingo wa chuma ili ushike barafu, na tumbo la plastiki laini ili uteleze. Ule wa baharini huzungushiwa ukingo wa plastiki ngumu usiopenyeza maji. Tiara hushonwa kwa kitambaa chepesi kilichofumwa hivi kwamba kikichanika mahali pamoja, mpasuko hauendelei.

Sasa nifike kwenye kiini cha jambo. Tiara nyingi zinazouzwa duniani hushonewa Sri Lanka. Hiyo si nchi ya theluji wala ya mbali nasi. Ni kisiwa cha Bahari ya Hindi, kinachopigwa na pepo hizi hizi za misimu. Kama mafundi wa huko wameweza, kwa nini kijana wa Kwale abaki kuwa mbeba vifaa na mpanguzaji mchanga?

Nitaambiwa kuwa hatuna mtaji wala mashine. Ni kweli, kiwanda hakijengwi kwa hotuba. Lakini tusiseme kuwa hatuna ujuzi. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu waliteremsha majini jahazi la Flipflopi, lililoundwa kwa takribani tani kumi za plastiki iliyookotwa na kuyeyushwa, na kuvishwa vipande vya kandambili zipatazo 30,000. Mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar. Mikono iliyozoea mbao ilijifunza malighafi mpya. Na kabla ya kuunda huja kutengeneza: tiara huchanika na ubao huvunjika kila msimu. Anayejua kuziba na kushona ameshapanda ngazi ya kwanza.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Wavuvi wa Msambweni hawakungoja mchezo huu ili wajue kwenda bisho, yaani kuukabili upepo kwa kwenda upande upande. Wana tanga, foromali na demani; wana omo na tezi. Hata hivyo, mwanafunzi wetu hufundishwa nguvu za upepo kwa Kiingereza, kwa mifano ya nchi asizoziona, kana kwamba babu yake hakuwahi kutweka tanga. Elimu ikitenganishwa na ujuzi wa nyumbani, mtoto hudhani kuwa vitu vya maana huzaliwa ng'ambo, na kazi yake ni kuvinunua au kuvibeba.

Basi ndugu walimu, nawasihi. Mwalimu wa fizikia na wa Kiswahili wakae meza moja. Wanafunzi warushe tiara uwanjani, wapime upepo, waandike majina ya kila sehemu kama yanavyotamkwa na mafundi, kisha wajaribu kugundisha ubao wao wenyewe. Wa kwanza utapinda vibaya, na wa pili huenda ukavunjika. Fundi gani hakuanza hivyo?

Yule mvulana wa Samburu nilimjibu ukweli: kwamba hutengenezwa ng'ambo. Alikaa kitako bila kusema neno. Ningependa atakayeuliza baada yake apewe jibu jingine.