Namba sawa, grafu mbili: kosa la TFC yangu



Katika TFC yangu niliandika kwamba ukijua namba ine za grafu, umejua grafu yenyewe. Mwalimu mumoja wa juri akauliza tu: « Uko na hakika iko moja? » Nikakosa jibu. Leo njo nalipa ile deni.

Tuchukue watu 16, wamekaa darasani mistari 4 ya viti 4. Kila mutu anajuana na wote wa mustari wake, na wote wa safu yake kwenda mbele na nyuma, basi. Hesabu: kila mutu anajua watu 6. Wawili wanaojuana wako na marafiki 2 wa pamoja. Wawili wasiojuana, nao pia 2. Grafu ambayo hesabu yake haibadiliki popote vile, R. C. Bose aliiita mwaka 1963 grafu regulari kwa nguvu. Namba zake: 16, 6, 2, 2. Tena iko na jiometri ndani: nukta 16, mistari 8, kila mustari nukta 4.

Sasa tubadilishe. Kila mutu ajuane na wa kushoto, wa kuume, wa mbele, wa nyuma, pamoja na wawili wa mshazari mumoja: mbele-kuume na nyuma-kushoto. Ukifika mwisho wa darasa, unazunguka na kuanzia upande mwingine. Hesabu tena: 16, 6, 2, 2. Sawasawa!

Lakini angalia marafiki 6 wa mutu mumoja. Katika grafu ya kwanza wanagawanyika vikundi viwili vya watu 3, kila kikundi wanajuana wote. Katika ya pili, wote 6 wanafanya duara moja. Kwa hiyo humo hupati hata watu 4 wanaojuana wote. Namba zimebaki, mistari ya jiometri imepotea.

Hii ya pili inaitwa grafu ya Shrikhande, kwa jina la mwanahisabati wa India. Mwaka 1959 alihakikisha kwamba 3 kwa 3, 5 kwa 5 na kuendelea, namba zinatosha. Ni 4 kwa 4 tu inadanganya, na mwenzake ni mumoja tu.

Nilitengeneza sura nzima upya. Wadogo wetu munaoandika sasa: hesabu ikikubali, jiulizeni « iko moja tu? » mbele ya juri kuwauliza.