Foleni Haitibiwi kwa Kupanua Barabara

Katika jiji lenye watu wengi, swali la usafiri ni swali la nafasi kabla halijawa swali la mwendo. Sensa ya mwaka 2012 iliikuta Dar es Salaam na wakazi milioni 4.36, na ile ya mwaka 2022 ikawakuta wamefikia milioni 5.38, ilhali barabara kuu zinazowaingiza katikati ya jiji, yaani Morogoro, Nyerere, Kilwa na Bagamoyo, ni zilezile. Basi refu la mita 18 hubeba abiria wapatao 150. Abiria hao wakipanda magari binafsi, kwa wastani wa mtu mmoja na nusu katika kila gari, watahitaji magari 100, na magari hayo yakisimama kwenye foleni, kila moja likichukua mita 7 pamoja na pengo la kuliachia la mbele, yatapanga mstari wa mita 700.

Wahandisi huieleza hali hii kwa vipimo vitatu, ambavyo ni ujazo, yaani idadi ya magari katika kila kilomita ya njia, mwendo wa magari hayo, na mtiririko, yaani idadi ya magari yanayopita mahali fulani kwa saa, unaopatikana kwa kuzidisha ujazo na mwendo. Mhandisi Mmarekani Bruce Greenshields, aliyeyapima magari barabarani kwa kutumia kamera katika miaka ya 1930, alionyesha kuwa ujazo ukipanda mwendo hushuka, hivyo mtiririko hukua mpaka kileleni kisha huanza kupungua. Maana yake ni nzito, kwa sababu kilele kikishapitwa, kila gari linaloongezeka huifanya barabara ipitishe magari machache zaidi, tena katika saa zilezile za asubuhi na jioni ambazo watu wengi zaidi wanaihitaji.

Tena foleni haihitaji chanzo kinachoonekana. Mwaka 2008 watafiti wa Japani wakiongozwa na Yuki Sugiyama walichapisha matokeo ya jaribio ambamo magari 22 yalizungushwa katika duara lenye mzingo wa mita 230, madereva wakiwa wametakiwa kushika mwendo wa kilomita 30 hivi kwa saa. Hapakuwa na taa, makutano wala ajali, lakini baada ya muda mfupi baadhi ya magari yalianza kusimama, kwa kuwa dereva mmoja akipunguza mwendo kidogo tu, wa nyuma yake hulazimika kupunguza zaidi, na wimbi la kusimama likarudi nyuma kwa takribani kilomita 20 kwa saa. Lawama nyingi wanazotupiwa askari wa usalama barabarani na madereva wa daladala zingestahili kuelekezwa kwenye wingi wenyewe wa magari.

Dawa inayopendekezwa mara nyingi ni kupanua barabara, nayo hushindwa kwa sababu iliyoelezwa na mchumi Anthony Downs tangu mwaka 1962: nafasi mpya huwavuta walioacha kusafiri saa za msongamano, waliopita njia nyingine na waliopanda mabasi, mpaka foleni irudi. Huko Houston, Marekani, barabara ya Katy Freeway ilipanuliwa hadi kufikia njia 26 katika sehemu yake pana zaidi, kazi ikakamilika mwaka 2008, na miaka michache baadaye safari za saa za msongamano zilikuwa zinachukua muda mrefu zaidi.

Usafiri wa umma hufuata kanuni iliyo kinyume kabisa, na hapa ndipo hoja nzima inaposimama. Mchumi Herbert Mohring alionyesha mwaka 1972 kuwa abiria wanapoongezeka mabasi huongezwa, na mabasi yakiongezwa muda wa kusubiri hupungua kwa kila mtu, kwa kuwa abiria anayefika kituoni bila kuangalia ratiba husubiri kwa wastani nusu ya muda unaotenganisha basi na basi. Basi likipita kila baada ya dakika 20, atasubiri dakika 10. Likipita kila baada ya dakika 4, atasubiri dakika 2. Kwa hiyo mwenye gari anayeingia barabarani humchelewesha jirani yake, ilhali anayepanda basi humsaidia, mradi mabasi yaongezwe kweli.

Sharti hilo ndilo gumu. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Dar es Salaam mwaka 2016, kati ya Kimara na Kivukoni pamoja na matawi ya Gerezani na Morocco, yalikuja na mambo yanayookoa muda: njia ya pekee katikati ya barabara, tiketi inayokatwa kabla ya kupanda, na jukwaa lililo sawa na sakafu ya basi. Lakini njia ya pekee yenye mabasi machache humwacha abiria akisongamana kituoni huku lami ikiwa tupu mbele yake, naye akipata uwezo atanunua gari. Eneo la Jangwani, ambako Mto Msimbazi hufurika, limeongeza mzigo huo kwa kuikata huduma katika misimu ya mvua.

Stockholm ilifuata mpangilio unaofaa kuigwa: mabasi yaliongezwa mwaka 2005, na tozo ya magari yanayoingia katikati ya jiji ikaanza kwa majaribio Januari 2006. Magari yaliyovuka mpaka wa tozo yalipungua kwa takribani asilimia 20, na mwaka 2007 tozo ikawa ya kudumu. Wapangaji wa miji ya Afrika Mashariki wanaombwa kuuzingatia utaratibu huo, wakianza na mabasi ya kutosha yenye njia zisizoingiliwa, kabla ya kumwambia mtu yeyote aache gari lake nyumbani.