Mabingwa wa Mwendo wa Pole

Katika reli, sifa huenda kwa vichwa vya treni vyenye kasi. Vichwa vya sogeza, ambavyo hushinda yadi vikipanga mabehewa na kuyafikisha mlangoni mwa kiwanda, vina rekodi zao, na nyingine ni tamu kuliko za kasi.

Cha dizeli kilichofaulu kwanza kibiashara ni Namba 1000 cha Central Railroad of New Jersey, cha mwaka 1925. Kampuni ya ALCO ndiyo iliyokiunda, General Electric ikatia mitambo ya umeme, Ingersoll-Rand ikaleta injini ya nguvu za farasi 300. Sheria ya jimbo la New York ya 1923 ilikuwa imezitaka reli ziachane na mvuke jijini New York. Bila sheria hiyo, sidhani kama kuna mhasibu angeidhinisha sanduku lile la tani 60. Kilifanya kazi Bronx hadi 1957, na leo kimo katika makumbusho ya reli ya B&O, Baltimore. Ndugu yake wa 1926, Namba 90, Ingersoll-Rand walijiwekea wenyewe kiwandani kwao Phillipsburg. Kimehifadhiwa Dearborn, Michigan.

Kwa ujanja, hakuna kinachokipita kile cha tani 44 cha General Electric. Mwaka 1937 kampuni za reli na vyama vya wafanyakazi nchini Marekani walikubaliana kwamba kichwa chenye uzito wa ratili 90,000 au zaidi lazima kiwe na fayamani kando ya dereva, hata kama hakuna makaa ya kuchochea. General Electric wakaunda cha ratili 88,000! Kati ya 1940 na 1956 walitoa zaidi ya 350.

Kwa wingi, nchini Uingereza inaongoza aina ya Class 08: vichwa 996 kati ya 1952 na 1962, mwendo wao haufiki hata kilomita 35 kwa saa.

Tuzo yangu, hata hivyo, naipeleka Leeds. Reli ya Middleton ilipitishwa na Bunge mwaka 1758 ili kubeba makaa ya mawe. Juni 1960 ikawa reli ya kwanza ya geji ya kawaida Uingereza kuendeshwa na watu wa kujitolea. Wapenzi wa mvuke hupenda kudai kwamba uhifadhi wa reli ni kazi ya mikono yao, lakini treni ya kwanza Juni ile ilivutwa na kichwa cha sogeza cha dizeli, John Alcock, kilichoundwa na kampuni ya Hunslet mwaka 1932.