Mbunge Huru Analala Kwenye Baraza la Nani?

Juzi mjombangu alinitumia picha mbili kwenye WhatsApp, bila neno. Ya kwanza ni bango la 2022 ukutani kwa duka la pale stendi, jua limelila mpaka limepauka: sura ya mheshimiwa wetu, alama aliyojichagulia mwenyewe, na chini yake "mgombea huru". Ya pili ni yeye huyohuyo jukwaani mwaka huu, kofia ya njano kichwani, wilbaro, alama ya chama cha UDA, imeshonwa juu ya kipaji. Nilipompigia, mzee alikuwa anacheka. "Mwanangu, si mlisema huyu hana chama?"

Nilikosa jibu la haraka, na nadhani wengi wetu huku Marekani tungekosa. Wabunge hatuwachagui sisi. Uchaguzi wa 2022 tulipewa karatasi moja tu, ya rais, na vituo vitatu kwa nchi nzima hii: Washington, New York na Los Angeles. Nyumbani Kenya mpiga kura anakabidhiwa karatasi sita. Kwa hiyo siasa za eneo bunge tunazipata kwa picha kama hizi na kwa kelele za vikundi vya WhatsApp, ambako neno moja limekuwa likirudiwa wiki nzima: msaliti.

Mimi sioni usaliti. Naona mtu aliyerudi kwao.

Angalieni jinsi watu hawa wanavyokuwa huru. Ni wachache mno walioamka siku moja wakachoka na vyama. Wengi ni watu wa chama walioshindwa, au walioamini wameibiwa, kwenye kura za mchujo. Tiketi amepewa mwingine, wakati mwingine moja kwa moja bila hata kura, na mkubwa wa chama simu hapokei. Mwaka 2022 mchujo ulifanyika Aprili na uchaguzi mkuu ukawa tarehe 9 Agosti. Kifungu cha 85 cha Katiba kinataka mgombea huru awe hajawa mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya siku ya kura. Hesabu mwenyewe: aliyeangushwa mwishoni mwa Aprili alikuwa na siku chache tu za kukasirika, kulia na wafuasi wake na kupeleka barua ya kujiuzulu. Rangi alizovaa miaka kumi anazivua kwa wiki moja. Ni mtoto wa nyumba aliyefungiwa mlango, akalala barazani. Mlango ukifunguliwa asubuhi, mtamshangaa akiingia?

Zamani hata baraza hilo halikuwepo. Kabla ya Katiba ya 2010 hukuweza kuwania ubunge Kenya bila kudhaminiwa na chama. Na kuhama chama kulikuwa na bei tangu 1966, Jaramogi Oginga Odinga alipotoka KANU na kuunda KPU. Katiba ikabadilishwa upesi ili wabunge waliomfuata warudi kwa wapiga kura, ndipo ukaja ule uchaguzi mdogo wa Juni mwaka huo. Chini ya Katiba mpya, wagombea huru wakaingia Bunge la Taifa baada ya uchaguzi wa 2013, wanne tu. Mwaka 2022 walikuwa 12, akiwemo Shakeel Shabbir wa Kisumu Mashariki, aliyeshinda hivyo mara mbili mfululizo, 2017 na 2022, katikati ya ngome ya chama cha ODM. Huyo ni mbunge ambaye watu walimchagua wakijua tiketi ya chama iko kwa nani.

Sasa sheria yenyewe, maana hapa ndipo mjadala wetu unapopotea. Kifungu cha 103 kinasema mbunge aliyechaguliwa kama mgombea huru akijiunga na chama, kiti chake kinakuwa wazi. Neno ni kujiunga. Katiba haikusema kushabikia, kuvaa kofia, kupiga kura upande mmoja kila Jumatano, wala kula chakula cha mchana Ikulu. Aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama ana kamba mbili shingoni: anaweza kujiuzulu, na anaweza pia kuhesabiwa kuwa amejiuzulu kwa sababu ya vitendo vyake, kama vile kukipigia debe chama kingine. Mbunge huru ana kamba moja. Mradi asiandikishwe, kofia ni kofia.

Na mle Bungeni upweke una gharama. Viti vya kamati vinagawanywa kwa hesabu ya vyama, na viranja wa pande mbili ndio wenye orodha. Mbunge asiye na kiranja ataomba. Fedha za Hazina ya Vyama hazimfikii. Kwa wapiga kura anadaiwa barabara ileile anayodaiwa mwenzake wa chama tawala, na waziri wa barabara ni wa serikali.

Ila upweke huo una thamani pia. Bunge la 2022 lilipoanza, muungano wa Azimio ulikuwa na wabunge 171 na ule wa Kenya Kwanza, wa William Ruto, 165. Tofauti ni sita, na wasio na chama walikuwa 12. Ruto alitangazwa mshindi wa urais tarehe 15 Agosti, na kabla ya Mahakama ya Upeo kutoa uamuzi tarehe 5 Septemba, washindi huru kadhaa walikuwa wamekwishaenda kwake Karen kupeana mikono.

Kawira Mwangaza wa Meru alikuwa miongoni mwao. Aliupata ugavana bila chama, akiwabwaga Kiraitu Murungi aliyekuwa madarakani na Mithika Linturi wa UDA, kisha akaahidi kufanya kazi na Ruto, kiongozi wa UDA hiyohiyo. Urafiki wa juu haukumjengea ukuta chini. Madiwani, ambao hakuna aliyedaiwa naye uaminifu wa chama, walimtimua mara ya kwanza Desemba 2022, wakarudia 2023, na mara ya tatu, Agosti 2024, Seneti ikakubaliana nao. Machi 2025 Mahakama Kuu ikauacha uamuzi huo usimame. Baraza halina ukuta wa mbele. Mvua ikija na upepo unalowa.

Ndugu zetu Watanzania, ambao mtu wa namna hii wanamwita mgombea binafsi, hawana hata la kubishana. Mchungaji Christopher Mtikila alilipigania jambo hilo mahakamani kuanzia miaka ya 1990, na Juni 2013 Mahakama ya Afrika kule Arusha ikampa haki. Alifariki 2015, na Katiba ya Tanzania bado inamtaka mgombea awe na chama.

Nilipomweleza mjomba haya yote alinyamaza, kisha akaniuliza swali ambalo bado linanisumbua. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027, na mheshimiwa anataka tiketi ya wilbaro. Mchujo ni wa wanachama. Kadi hawezi kuichukua bila kupoteza kiti, na uchaguzi mdogo haufanyiki tena ikibaki miezi mitatu kufika uchaguzi mkuu. "Sasa hiyo kadi," mzee akasema, "ataichukua mwezi gani?"