Kuliokoa Isale la Chunguni Wakati wa Kipupwe

Kuanzia Juni hadi Agosti wakazi wa Rau huamka na kukuta mlima umejifunika mawingu, na jua huchelewa kuonekana. Usiku upepo wa baridi hushuka kutoka juu. Ndipo katika baraza nyingi isale la chunguni huanza kunyong'onyea: majani ya chini yanageuka manjano, yale ya juu yanalegea.

Si ua la kutupwa hivi hivi. Masale ndiyo yanayoonyesha mipaka ya vihamba, na kwa desturi ya Wachagga aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani la isale kuomba radhi, na ni vigumu radhi hiyo kukataliwa. Kwa mfanyakazi aliyepanga vyumba viwili mjini, kipande alichokata mpakani kwa babu yake pengine ndicho sehemu pekee ya kihamba aliyo nayo. Ajabu ni kwamba huko Ulaya jamii hiyo hiyo ya mmea huuzwa madukani kuwa pambo la sebule tu.

Mara nyingi baridi peke yake hailiui isale. Hufa kwa maji. Wakati wa kipupwe mmea hukua polepole mno na hunywa kidogo. Maji yaliyolitosha Januari sasa hutuama kwenye udongo, mizizi hukosa hewa na kuoza. Mizizi iliyooza haiwezi kunywa, kwa hiyo majani hulegea kana kwamba yana kiu. Mama mwenye huruma akiona hivyo huongeza kopo jingine, na hapo ndipo anapolimaliza.

Basi kabla ya kumwagilia, chomeka kidole udongoni hadi kiungo cha pili. Ukihisi unyevunyevu, acha. Hata wiki mbili zikipita si neno. Mwaga maji yaliyobaki kwenye kisahani. Kama umepanda katika kopo la rangi, hakikisha lina matundu chini. Inua chungu kutoka kwenye sakafu ya saruji, kikae juu ya kipande cha ubao, mbali na dirisha linalopitisha upepo wa usiku lakini penye mwanga. Mbolea na samadi visiguswe kwa sasa.

Zipo ncha za majani zinazokauka na kuwa kahawia ilhali shina ni imara. Hizo huenda zinatokana na hewa kavu, au na floridi, madini yale yale yanayotia rangi meno ya watoto katika baadhi ya sehemu za Arusha na Kilimanjaro. Isale huyachukia. Yafaa kutumia maji ya mvua.

Likizidi kudhoofu, ling'oe ulitazame. Mizizi mizima ina rangi ya manjano inayokaribia chungwa. Iliyooza ni myeusi, inanuka na kuchubuka. Kata yote myeusi kwa kisu safi, kisha panda upya katika udongo wa bustani uliochanganywa na mchanga wa mtoni, kwenye chungu kisicho kikubwa kupita mizizi iliyobaki.

Shina likiwa laini chini, usililie. Kata kupanda juu mpaka ufikie nyama ngumu isiyo na weusi. Gawanya sehemu nzima katika vipande vya sentimita 15 hivi, ukitia alama upande wa juu, kwa maana kipande kilichopandwa kichwa chini hakioti vizuri. Viache vikauke siku moja au mbili kivulini, ndipo uvipande na kuviweka kando ya ukuta wa jikoni wenye joto, mbali na moshi wa mkaa. Subira inahitajika: vingine havitachipua mpaka Septemba.

Jua likirudi, usilitoe isale nje kwa ghafla, maana majani yake yataungua. Lianze chini ya mgomba au ukingo wa baraza kwa wiki mbili, na samadi lipewe baada tu ya kuchomoza jani jipya.