Mtoto Katika Laini ya Mzazi

Mifumo mingi ya kumlinda mtoto mtandaoni imejengwa juu ya dhana kwamba kila mtoto ana kifaa chake, ana akaunti inayoonyesha umri wake wa kweli, na ana mzazi anayeisimamia akaunti hiyo kutoka kwenye kifaa kingine. Jijini Dar es Salaam, huko Mbagala na Chamazi upande wa Temeke, au Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, dhana hiyo mara nyingi haina pa kusimama, kwa kuwa simu janja huwa ni ya nyumba nzima: mchana inapokea malipo ya biashara ya mama, jioni mtoto wa darasa la nne anaichezea gemu, na usiku, kama bando bado lipo, inaishia kwa kaka wa sekondari mwenye kazi ya nyumbani ya kukamilisha.

Laini ya simu husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya kitambulisho cha taifa, na kitambulisho hicho hutolewa kwa aliyetimiza miaka 18, ilhali Sheria ya Mtoto ya 2009 inamhesabu kila aliye chini ya umri huo kuwa mtoto. Hivyo anayeingia mtandaoni kwa laini ya nyumbani huonekana kuwa mtu mzima. Hapo ndipo algoriti, yaani mfululizo wa maelekezo ambao kompyuta huufuata hatua kwa hatua, inapoanza kukosea. Algoriti ya mapendekezo haimwoni mtazamaji, bali hupima kilichobofywa, muda uliotumika kukitazama na kilichorukwa, kisha hulinganisha mwenendo huo na wa watumiaji wengine wengi mno ili kubashiri video itakayofuata. Katika simu ya nyumba nzima, mienendo ya watu watatu huchanganywa ikawa ya mtu mmoja ambaye hayupo, na katuni ya saa 10 jioni inaweza kufuatwa, bila mtu kugusa kioo, na video ya aina aliyoitazama kaka usiku wa kuamkia siku hiyo.

Tena si kila kitu huletwa na algoriti ya mapendekezo. Picha na video za makundi ya WhatsApp, mpangilio wa kujipakua ukiwa umewashwa, hujihifadhi zenyewe mahali ambapo mtoto anayetafuta picha za sherehe atazikuta. Na memori kadi iliyojazwa filamu kwenye kibanda cha kuingizia nyimbo haipiti katika kichujio chochote cha kampuni ya simu, kwa sababu yaliyomo hayakusafiri katika mtandao wake.

Zaidi ya maudhui yasiyomfaa mtoto, ipo hatari ya kudhulumiwa, nayo imepimwa. Utafiti wa UNICEF, ECPAT na INTERPOL uliotolewa 2022 ulionyesha kwamba asilimia 4 ya watumiaji wa intaneti wenye umri wa miaka 12 hadi 17 nchini Tanzania walikuwa wamepata ukatili na unyonyaji wa kingono uliohusisha mtandao katika kipindi cha mwaka mmoja, idadi inayokadiriwa kufikia watoto 200,000. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaharamisha picha za ngono za watoto, na tangu 2009 ipo teknolojia ya PhotoDNA, ambayo huigeuza picha kuwa msururu wa tarakimu unaoitambulisha hata ikibadilishwa ukubwa, ili nakala zake zinaswe zinapopandishwa tena. Lakini mbinu hiyo huinasa picha iliyokwisha kuorodheshwa. Picha iliyopigwa jana na kutumwa kwa ujumbe uliofungwa kwa namna ambayo mtumaji na mpokeaji pekee wanaweza kuusoma, haiinasi.

Shule, kwa upande wake, humkataza mwanafunzi kuja na simu, na katazo hilo lina sababu, ila katika shule za msingi zilizofurika, zinazofundisha kwa zamu, sehemu kubwa ya siku mtoto yuko nje ya uzio wa shule. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya 2022 viligawiwa walimu, na kimoja kilichopo mezani kwa mwalimu kinatosha kwa somo ambalo simu ya nyumbani haiwezi kulitoa: mwalimu hufungua akaunti mpya, hucheza video tatu za mpira mbele ya darasa, kisha wanafunzi hutazama jinsi orodha ya mapendekezo inavyogeuka, na kuulizwa ni nani aliyeipanga.

Kujifunza kwa teknolojia si lazima kuwe kujifunza kwa intaneti. Katika jaribio la shindano la Global Learning XPRIZE, lililohitimishwa 2019, watoto karibu 3,000 wa vijijini mkoani Tanga walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili zilizofanya kazi bila mtandao, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Kabla yake zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, na baada ya miezi 15 sehemu hiyo ilipungua kwa nusu. Shule ya Chamazi inaweza kupata usalama wa aina hiyo kwa seva ndogo, yaani kompyuta inayohifadhi masomo na kuyagawa kwa vifaa vya darasani pasipo kuunganishwa na nje.

Linalobaki gumu ni pale mtoto anapohitaji msaada. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto inayoendeshwa na shirika la C-Sema, hupigwa bila malipo, lakini kila namba iliyopigwa hubaki katika orodha ya simu, na mtoto anayemlalamikia mwenye simu hiyo hiyo ana sababu ya kusita. Shule inayokataza simu mikobani inaweza kuweka moja katika chumba cha mwalimu wa ushauri na unasihi, mlango ukiwa umefungwa, kwa ajili ya namba hiyo tu.