Sokwe wa Gombe na Visahani vya Mwilini

Wasomaji wa Kigoma na Ujiji wanaijua desturi ya sokoni: mwuza dagaa hakufungulii gunia lote. Hutwaa kiasi kidogo, akakiweka sahanini mbele yako, nawe kwa kukitazama hicho kidogo hujua gunia lina nini. Basi, mwili wa mwanadamu nao hufanya vivyo hivyo, mchana na usiku.

Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo seli. Kila seli huvunjavunja protini zake, huchukua vipande vidogo, ambavyo wataalamu huviita peptidi, na kuviweka nje juu ya ngozi yake, kila kimoja katika kisahani chake. Damuni hupita askari, yaani seli nyeupe za ulinzi. Askari haingii ndani ya nyumba. Hutazama kisahani cha mlangoni. Akiona kipande cha kawaida, hupita zake. Akiona kipande cha virusi, au cha protini iliyoharibika kama zile za seli ya kansa, huiua seli ile. Kwamba askari hutazama kipande na kisahani kwa pamoja, Rolf Zinkernagel na Peter Doherty walilionyesha mwaka 1974 huko Canberra, Australia. Mwaka 1996 wakapewa Tuzo ya Nobel.

Sasa sikilizeni lililo la ajabu. Visahani si vya namna moja. Kila mtu hurithi vyake, nusu kwa baba na nusu kwa mama, na namna zake duniani ni maelfu. Kisahani cha huyu hupakata dagaa vizuri, lakini mgebuka haenei. Cha jirani yake ni kinyume. Kwa hiyo ugonjwa ule ule waweza kuonekana upesi mwilini mwa mmoja na kujificha mwilini mwa mwingine.

Ushahidi mmoja mzuri umetoka hapa hapa kwetu, Gombe, kaskazini ya mji wa Kigoma, ambako Jane Goodall alianza kuwachunguza sokwe Julai 1960. Baadhi ya sokwe hao wana virusi vya jamii moja na vile vya UKIMWI. (Virusi vya UKIMWI vilivyoenea duniani havikutoka Gombe, asili yake ni sokwe wa Kameruni. Anayewalaumu sokwe wetu anawaonea.) Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba hatari ya kufa kwa sokwe wa Gombe mwenye virusi hivyo ni mara 10 hadi 16 kuliko ya mwenzake asiye navyo. Kisha, mwaka 2015, Emily Wroblewski na wenzake wakatoa habari za visahani vya sokwe 125 wa Gombe. Walichunguza kisahani cha jina moja tu, wakakuta kina namna 11. Sokwe wenye namna mojawapo, ijapokuwa wameambukizwa, virusi vilionekana kwa uchache zaidi katika kinyesi chao. Namna hiyo yafanana mno na kisahani cha wanadamu kiitwacho HLA-B*57, ambacho wenye nacho mara nyingi UKIMWI huwaendea polepole.

Msomaji atauliza: na kansa je? Daktari akitaka kujua ni askari wangapi katika damu ya mgonjwa wanaoijua kansa yake, afanyeje? Askari hawana alama usoni. Hapo ndipo wataalamu walipobuni visahani vya kutengenezwa. Huchukua maagizo ya urithi ya kisahani cha mtu, huyatia ndani ya bakteria, nao bakteria huzaliana na kuitengeneza protini hiyo kwa wingi. Lakini hutoka imesongamana, haina umbo, kama nguo iliyofinyangwa. Huyeyushwa, huchanganywa na kipande cha kansa kinachotakiwa, nayo taratibu hujikunja kukizunguka. Bila kipande, kisahani hakisimami.

Kisahani kimoja peke yake askari hakishiki kwa nguvu, humponyoka. Kwa sababu hiyo, mwaka 1996, John Altman, Mark Davis na wenzao walifunga vinne pamoja na kuvitia rangi ing'aayo. Vikichanganywa na damu ya mgonjwa, askari amjuaye adui yule huving'ang'ania, na mashine humhesabu hata kama ni mmoja kati ya maelfu.

Kwa elimu hii dawa mpya zinatengenezwa. Mojawapo, tebentafusp, iliruhusiwa Marekani Januari 2022 kwa aina moja ya kansa ya jicho. Humshikanisha askari na seli ya kansa. Lakini hukitambua kipande kimoja tu, kikiwa ndani ya kisahani kimoja tu, HLA-A*02:01. Asiye na kisahani hicho, dawa haimfai kitu. Nacho ni cha kawaida sana Ulaya, ila kwa Waafrika ni haba zaidi. Hapa ndipo penye neno. Visahani vya sokwe wa Gombe vimeandikwa kimoja kimoja; vya watu wa mwambao huu navyo vyastahili kuandikwa, la sivyo dawa zitakatwa kwa kipimo cha wengine, kama kanzu iliyoshonwa bila kumpima mvaaji.

Kwa leo, mwenye uvimbe unaokua au kidonda kisichopona aende hospitali ya Maweni mapema, naye akihitaji atapelekwa Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Upasuaji, mionzi na dawa za kawaida za kansa hazichagui kisahani cha mtu.